Uzi maalumu: Hati za kale za hisa na hatifungani zilizolala kwenye matranka ya wazee wetu Nyanda za Juu Kusini

#1 Karani wa Sisimba (mleta mada)

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Baridi ya leo si ya mchezo.

Huku kwetu ukitaja karatasi ya kale au sarafu ya kale, watu wanaruka moja kwa moja kwenye utajiri wa ghafla au uchawi. Stori za rupia ya Mjerumani inayovuta mchele mnazijua, kuanzia Songea mpaka Tunduma. Mimi nataka tuongelee kitu kinachokaa ndani ya tranka lile lile, ambacho hakivuti mchele wala sindano, lakini kinakuambia nani aliweka pesa yake kwenye ardhi hii, lini, na alitegemea kuvuna nini. Nazungumzia hati za zamani za hisa na hatifungani. Nazikusanya, nazisoma, na inaniuma nikisikia mtu kawashia jiko.

Twende taratibu ili hata mgeni aelewe. Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni: faida ikipatikana unapata gawio, ikifilisika umeliwa. Hatifungani ni mkopo: umeikopesha serikali au kampuni, unalipwa riba kwa tarehe iliyopangwa, na mwisho unarudishiwa mtaji. Siku hizi vyote viwili vinakaa kwenye kompyuta. Ukinunua hisa DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) jina lako linaingia kwenye akaunti ya CDS, yaani daftari la hisa la kielektroniki, na hushiki chochote mkononi. Zamani karatasi ndiyo iliyokuwa mali. Nyingi hazikuandikwa hata jina, aliyeishika ndiye mwenyewe, na ikiungua imeungua na haki yako. Ndiyo maana zilichapwa kwa ufundi ule ule wa noti, na mara nyingi na wachapaji wale wale wa noti: Waterlow na Bradbury Wilkinson wa London, Giesecke & Devrient wa Leipzig, American Bank Note wa New York. Pitisha kidole kwenye hati nzuri ya miaka hiyo, utasikia wino umesimama juu ya karatasi.

Sasa rudi kwenye hiyo rupia. Kama unayo ya kati ya 1890 na 1902, geuza upande usio na kichwa cha Kaiser, mfalme wa Ujerumani. Utaona ngao yenye simba na mnazi, na pembeni maneno Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Hilo si jina la serikali, ni jina la kampuni. Ile fedha waliyolipia wazee wetu kodi ya nyumba kuanzia 1898 ilibeba jina la kampuni ya wenye hisa wa Berlin.

Mtaji wake ulitoka wapi? Carl Peters alipita Usagara, Ukami, Nguru na Uzigua mwishoni mwa 1884 akikusanya alama za watawala kwenye mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Mangungo wa Msovero tulimsoma sote shuleni. Februari 1885 Kaiser akatoa hati ya ulinzi, na mwaka 1887 Kaiser Wilhelm I mwenyewe akaingiza mark 500,000. Nataka mlishike hili kwa uzito wake: alama ya Mangungo ilipelekwa Berlin, ikawa msingi wa kampuni, na juu ya msingi huo zikauzwa hisa kwa watu ambao hawakuwahi kuuona mto Wami. Shuleni tulifundishwa mkataba. Hisa hatukufundishwa. Lakini bila hisa ule mkataba ungebaki karatasi mfukoni mwa Peters.

Kampuni ikashindwa kutawala. Vita vya Abushiri vilivyoanza 1888 vikaivuruga pwani, na kuanzia Januari 1, 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua utawala. Agosti 17 mwaka huo huo Wahehe wakakimaliza kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo. Kampuni yenyewe haikufa, iligeukia mashamba na biashara. Mtaalamu wake Richard Hindorf ndiye aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikapona 62 tu, na hiyo ndiyo asili ya mkonge wetu mnaouona mkipita Morogoro na Tanga.

Halafu reli. Kampuni ya reli ya Usambara iliundwa 1891, ikaanza kujenga kutoka Tanga 1893, pesa zikaisha njiani, na 1899 serikali ikaichukua. Wenye pesa wa Berlin walijifunza. Ilipokuja zamu ya Reli ya Kati mwaka 1904, na kampuni ya Ostafrikanische Eisenbahngesellschaft kuanzishwa, hawakutoa senti mpaka serikali ya Ujerumani ilipodhamini riba ya asilimia 3. Yaani reli ipate faida isipate, mwenye hati analipwa. Ujenzi ukaanza 1905, Morogoro ikafikiwa 1907, Kigoma 1914. Na 1905 ndiyo Majimaji. Mtu wa Hamburg anakata kuponi yake kwa mkasi na kwenda kuchukua riba benki, mwaka ule ule Ungoni na Ubena mashamba yanachomwa na njaa inaingia. Ukiishika hati ya reli ile, unashika pande zote mbili za mwaka huo.

Nitaeleza kuponi zilivyo kwenye post inayofuata. Wenye maswali karibuni.

#2 Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene mkuu! Uzi huu naweka kambi. Ila swali la haraka: reli yetu ya TAZARA nayo ina hati za aina hiyo? Baba alifanya kazi Makambako stesheni miaka mingi, sijawahi kumsikia akitaja hisa.

#3 Karani wa Sisimba (mleta mada)

Kamwene kaka. Mzee wako hakukosea. TAZARA haina hati za kuuzia watu. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilisaini makubaliano, China ikatoa mkopo wa yuani milioni 988 usio na riba, ujenzi ukaanza 1970, na kilomita 1,860 zikakamilika 1975. Ni mkopo wa serikali kwa serikali. Hakuna mtu wa nje aliyekaa anasubiri kuponi ya Mbeya stesheni. Mimi kila nikiweka picha ya hati ya Reli ya Kati mezani nawaza tofauti hiyo. Reli mbili, nchi moja, na pesa za namna mbili zisizofanana kabisa.

Kuhusu kuponi. Hatifungani ya Kijerumani ya zamani huja kwa vipande viwili. Kuna shiti kuu yenye jina la kampuni, thamani, namba, sahihi na mhuri mkavu, ule wa kubonyeza usio na wino. Halafu kuna shiti ya pili iliyogawanywa visanduku vidogo, kila kimoja na tarehe yake na kiasi cha riba. Tarehe ikifika unakata kisanduku hicho, unakipeleka benki, unalipwa. Kisanduku cha mwisho hakina pesa. Kazi yake ni kukuwezesha kuomba shiti mpya ya kuponi zile zikiisha. Kwa hiyo hati yenye kuponi zilizobaki inakuonyesha siku riba ilipokoma. Zikiwa zimekatwa mpaka Julai 1914 na zilizobaki hazijaguswa, huhitaji mwalimu wa historia kukuambia kilichotokea Agosti.

Na msiogope mkikuta hati ina matundu, au sahihi imekatwa, au imepigwa mhuri wa kufutwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba ililipwa au ilibadilishwa na nyingine. Wakusanyaji wanazipokea tu hivyo hivyo.

#4 Mchimbaji Makongolosi

Mkuu tuje kwenye pesa sasa. Huku Chunya kuna jamaa anapita na picha kwenye simu za bondi (hatifungani) za China za 1913 na za Ujerumani za 1924. Anasema zimebeba dhahabu, ukiwa nayo moja Benki ya Dunia inakulipa mabilioni. Anatafuta watu wa kuchangia "gharama za uthibitisho". Hii imekaaje?

#5 Karani wa Sisimba (mleta mada)

Ndugu yangu, mwambie kila unayemfahamu asitoe hata mia. Hati anazozitaja ni za kweli, zipo, na mimi napenda kuzitazama. Uongo ni kwamba zinalipwa.

China: mkopo wa 1913 ulikuwa pauni milioni 25, ukauzwa London, Paris, Berlin na kwingineko. Serikali ya kikomunisti ya 1949 haikuutambua. Mwaka 1987 China ilikubaliana na Uingereza kuwafidia raia wa Uingereza wenye madai ya zamani, fungu likapangwa, likagawanywa, faili likafungwa.

Ujerumani: bondi ya 1924 ni mkopo wa Dawes, na kuna ndugu yake wa 1930, mkopo wa Young. Baada ya vita ya pili hatifungani nyingi zilipotea Berlin mikononi mwa jeshi la Kisovyeti, kwa hiyo Ujerumani Magharibi ikatunga sheria mwaka 1952 kwamba kila hati lazima ihakikiwe kwanza, mwenye nayo aonyeshe aliipata vipi. Mkataba wa London wa 1953 ukapanga malipo kwa zilizohakikiwa tu, na malipo ya mwisho kabisa yalifanyika Oktoba 3, 2010. Ambayo haikuhakikiwa ni kumbukumbu, basi.

Urusi ni hadithi hiyo hiyo. Familia nyingi za kawaida Ufaransa ziliweka akiba zao kwenye hatifungani za Tsar, mfalme wa Urusi, kwa ajili ya reli. Wabolsheviki, wakomunisti waliompokea madaraka, wakayafuta madeni hayo yote 1918. Miaka ya 1990 Urusi ikakubali kuipa Ufaransa dola milioni 400 kumaliza shauri, na waliorithi wakapata kiasi kidogo mno kuliko walichotegemea.

Serikali ya Marekani imeshatoa maonyo ya wazi kuhusu watu wanaouza hati hizi za kihistoria kana kwamba zina dhahabu nyuma yake. Mtego ni ule ule wa rupia: hawakuuzii kitu, wanakuuzia gharama za kukifikia hicho kitu. Rupia yenyewe ni fedha ya gramu 11.66. Ipeleke kwa sonara, atakuambia thamani yake bila kuimwagia mchele.

Sasa kwa kuwa uko Chunya, nikutoe kwenye China nikurudishe nyumbani. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa 1922, na miaka ya 1930 eneo lote lilijaa wachimbaji wa mchangani. Waliotaka kuingia kwenye mwamba walihitaji mitambo, mitambo ilihitaji mtaji, na mtaji ulitafutwa kwa kuuza hisa. New Saza ulikuwa mgodi mkubwa wa hapo kwenu, ulifanya kazi 1939 hadi 1956. Huo ndio upande wa kuutafuta: hati, barua za ofisi, vitabu vya mishahara, chochote chenye jina la Lupa au Saza. Mji wa Mbeya wenyewe ulikua kwa kulisha uwanja ule wa dhahabu. Mjukuu wa mtu aliyebeba mawe Saza ana haki ya kujua karatasi iliyomlipa babu yake ilikuwa ya nani.

#6 Mchimbaji Makongolosi

Nimekuelewa mkuu. Nitawarushia kwenye grupu la kijiji. Saza bado watu wanachimba kwenye makorongo yale yale, na wazee wachache wa enzi hizo wapo. Nitaulizia.

#7 Kabwe Mjasiriamali

Mimi naomba niwe tofauti kidogo. Kama hailipwi, mtu ainunue ya nini? Karatasi ya deni lililokufa!

#8 Karani wa Sisimba (mleta mada)

Swali halali, kaka. Stempu iliyogongwa mhuri haitumi barua, na bado ina soko. Chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa hati hizi kilianzishwa London mwaka 1978, minada inafanyika Ulaya na Marekani kila mwaka. Bei inaamuliwa na adimu yake, hali ya karatasi, uzuri wa mchoro, na nani alisaini. Hati ya Standard Oil, kampuni ya mafuta ya Marekani, yenye sahihi ya mwanzilishi wake John D. Rockefeller inapiganiwa, ya kampuni hiyo hiyo bila sahihi yake ni habari nyingine.

Ila soko lina tabia yake. Baada ya Ujerumani kuungana, zilikutwa hati kwa mamilioni zilizokuwa zimehifadhiwa na Reichsbank, benki kuu ya zamani ya Ujerumani, huko Berlin, zikaja kuuzwa kwa mnada. Nyingine zilizodhaniwa ziko mbili tatu duniani zikaibuka kwa mafungu na bei ikashuka. Kwa hiyo anayekuambia "hii ipo moja tu" muulize amejuaje.

Na kuna chache ambazo hazijafa. Mwaka 1648 bodi ya kutunza kingo za mto Lek, Uholanzi, iliandika hatifungani kwenye ngozi ya mbuzi, bila tarehe ya kuisha. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kiliinunua 2003 kwa hifadhi yake ya nyaraka, na 2015 mtunzaji wake akasafiri hadi Uholanzi akalipwa euro 136.20, riba ya miaka 12. Mkopo wa kutunza kingo za mto, na riba yake bado inalipwa. Hiyo ndiyo hati ninayoipenda kuliko zote ingawa sitaigusa kamwe.

Hisa ya zamani zaidi ya kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki inayojulikana ni ya Septemba 1606. Ilionekana 2010 tu, na aliyeiona ni mwanafunzi aliyekuwa anapekua makabati ya nyaraka ya mji wa Hoorn kwa ajili ya masomo yake. Karatasi ilikaa miaka mingi kwenye nyaraka za umma na hakuna aliyejua ni nini. Mimi nikisikia hivyo nafikiria ofisi zetu za vyama, bohari za misheni, na nyumba za wazee Tukuyu, Mbozi na Njombe.

#9 Mwalimu wa Mafinga

Nichangie upande wa hisa zilizo hai, maana wazee huku wanachanganya. Benki ya CRDB ilipobinafsishwa 1996 hisa ziliuzwa kwa Watanzania na vyama vya ushirika, na watu walipewa hati za karatasi. TATEPA, kampuni ya chai waliokuwa na Chai Bora hapa hapa Mafinga, waliingia DSE 1999, mwaka mmoja baada ya soko kuanza. MUCOBA, benki yetu ya jamii ya Mufindi, iliingia 2016. Ukikuta karatasi ya aina hiyo kwa marehemu mzazi, usiiweke kwenye fremu. Tafuta barua ya usimamizi wa mirathi mahakamani, kisha nenda kwa kampuni husika au kwa dalali wa hisa aliyesajiliwa, gawio linaweza kuwa limelala pale.

#10 Karani wa Sisimba (mleta mada)

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Kila mmoja asome post namba 9 mara mbili.

#11 Binti Mwakaleli

Shikamooni. Nimesoma uzi wote kimya kimya, sasa nina jambo. Babu yangu (mzaa baba) alifariki tukagawana vyombo, mimi nikapewa tranka lake la bati maana hakuna aliyelitaka. Chini kabisa kulikuwa na bahasha yenye karatasi mbili.

Ya kwanza kubwa, ya Kijerumani, ina tai juu, herufi nyeusi zilizojikunja sijui kuzisoma vizuri, lakini naona Schuldverschreibung, naona Deutschen Reichs, naona Mark, na mwaka 1922. Babu alikuwa mpishi kwa mzungu mwenye shamba la kahawa, labda aliipata huko.

Ya pili ndogo, rangi ya kaki, ya chama cha ushirika cha kahawa cha hapa kwetu. Imeandikwa kwa Kiswahili kwa taipureta. Ina jina la babu, namba, "hisa moja, shilingi kumi", mwaka 1955, na dole gumba la zambarau.

Kuna mtu mjini nilimtumia picha ya ile ya Kijerumani. Amesema ni mabilioni, anataka laki nne ya kufungua faili ubalozini. Ile ya ushirika hakutaka hata kuiona. Ndugu zangu wameshaanza kuulizana mgao.

#12 Karani wa Sisimba (mleta mada)

Dada, ndaga fijo kwa kuleta hili hapa kabla ya kutoa pesa. Usimpe huyo mtu laki nne, usimpe hata nauli.

Karatasi yako ya kwanza ni hatifungani ya serikali ya Ujerumani ya 1922. Serikali ile ilikopa kwa wingi, ikachapa noti kwa wingi zaidi, na kufikia Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa mark trilioni 4.2. Mtu aliyekopesha bei ya nyumba alirudishiwa kisichonunua kiberiti. Mwaka 1925 sheria ikatoka, hatifungani nyingi za zamani za serikali zikabadilishwa kwa Reichsmark (fedha mpya ya Ujerumani) 25 kwa kila mark 1,000, na muda wa kudai ukapita zamani. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi Tanganyika 1925, wengi walikuja kuanza upya Iringa, Mbeya na Rungwe. Huenda mwajiri wa babu aliileta kama mabaki ya akiba iliyoyeyuka. Hati za miaka ile ya mfumuko zilichapwa nyingi mno na zinauzwa rahisi Ulaya. Waambie ndugu zako hakuna mgao.

Sasa ile ya kaki. Hapo ndipo nakuomba utulie na unisikilize.

Vyama vyetu vya ushirika vilijengwa na wakulima wenyewe kwa shilingi kumi kumi. Hawakuwa na Kaiser wa kuwadhamini. Walitaka wauze kahawa yao bila kupunjwa na mnunuzi wa barabarani, wakanunua mizani yao, wakajenga ghala lao, wakasomesha watoto. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu, shughuli zikapelekwa kwenye vijiji na mamlaka za mazao, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Katikati ya hapo leja zilitawanyika. Nyingine zilifungiwa maandazi, nimeziona kwa macho yangu sokoni. Hisa ya reli ya Mjerumani ukiikosa leo utaipata kwenye mnada mwakani. Hisa ya chama chenu ya 1955 yenye dole gumba la mwanachama, ukiichoma, mimi sijui mahali pa kukuelekeza uipate nyingine. Utawala wa Wajerumani nyaraka zake zipo Kumbukumbu za Taifa Dar es Salaam, zimetunzwa, UNESCO iliziingiza kwenye Kumbukumbu ya Dunia 1997. Za mkulima wa Mwakaleli zipo kwenye tranka lako.

Mimi ningekusanya hati za aina yako kuliko za Berlin zote. Lakini sitakuomba uniuzie. Ikae kwenu.

#13 Binti Mwakaleli

Nimelia kidogo. Sasa niitunzeje? Tukuyu unapajua kwa mvua. Imeanza kuwa na madoa ya kahawia, na pembe moja imeliwa.

#14 Karani wa Sisimba (mleta mada)

Madoa hayo ni unyevu. Usiyasugue, usiyapake chochote. Fanya hivi: siku ya jua ifungue ndani ya chumba kikavu, kivulini, jua lenyewe lisiiguse. Ikishakauka ilaze bila kuikunja, katikati ya karatasi nyeupe safi, ndani ya faili gumu. Faili liweke juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, mchwa na mende wanaanzia chini. Kagua kila masika yanapoanza.

Kosa kubwa linalofanyika huku ni kuipeleka stationery ikapigwe laminesheni. Ule moto unayeyusha plastiki mpaka ndani ya nyuzi za karatasi na hakuna wa kuitoa tena. La pili ni selotepu: baada ya muda gundi inageuka kahawia na kula maandishi. Pembe iliyoliwa iache ilivyo. Zile bahasha za plastiki laini zinazonuka nazo ziache, wino unahamia kwenye plastiki.

Wazee waliotunza karatasi darini juu ya jiko walikuwa na akili, moshi unafukuza wadudu. Ila unaipa weusi na kuifanya ikatike ukiigusa. Yenye hali hiyo usiikunjue kwa nguvu.

Halafu piga picha mbele na nyuma, mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Picha moja ya karatasi nzima, nyingine ya dole gumba na mhuri kwa karibu. Andika pembeni, kwenye karatasi nyingine kwa penseli: jina la babu, kijiji, nani amekusimulia nini. Bila maelezo hayo mjukuu wako atakuwa mahali pale pale ulipokuwa wewe jana.

#15 Mnyalukolo wa Kihesa

Nyongeza: Iringa mjini tuna Makumbusho ya Boma, jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho 2016. Wanaonyesha historia ya mkoa kwa vitu vya watu wa kawaida pia. Familia isiyo na mahali pakavu inaweza kwenda kuwauliza kama wanapokea nakala au kuhifadhi. Usiache asilia bila maandishi ya makabidhiano.

#16 Mwalimu wa Mafinga

Maandishi ya makabidhiano, sisitizeni hapo. Na mali isiyogawanywa kwenye mirathi isitoke mkononi kabla wanafamilia hawajakubaliana.

#17 Kyimo Kahawa

Binti Mwakaleli, samahani naingilia. Hiyo hati ya kaki ina mstari wa bluu chini ya jina la chama, na katibu kasaini kwa wino wa kijani? Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama hicho. Mama anayo ya kwake na daftari la wanachama la kata yetu, majina na namba za hisa, tumelifunga kwenye kitenge. Tulidhani halina kazi.

#18 Binti Mwakaleli

Mungu wangu. Ndiyo! Mstari wa bluu, wino wa kijani. Namba ya babu ni 214.

#19 Kyimo Kahawa

Ngoja nimwamshe mama.

Ipo. 214, jina la babu yako, kijiji, shilingi kumi, na mbele yake wameandika miche 300. Ukurasa una watu 40.

#20 Karani wa Sisimba (mleta mada)

Wakuu, hili daftari lisipigwe picha na mtu mmoja usiku kwa tochi. Kyimo, mwombe mama ruhusa, Jumamosi nashuka Tukuyu na kamera na karatasi safi. Binti, njoo na ya babu. Mwingine yeyote mwenye hati ya chama hicho, Rungwe au Busokelo, aandike namba yake hapa chini tuilinganishe na ukurasa.